Kambi ya Sanaa Si ya Watoto wa Nairobi Pekee

Shule zikikaribia kufungwa, matangazo ya kambi za likizo huzagaa Nairobi: piano, baleti, uigizaji, uimbaji, wiki moja au mbili, chakula cha mchana na basi vikiwa ndani ya ada. Kalamba, soko lililo karibu na mlima Nzaui katika Kaunti ya Makueni, matangazo hayo hayafiki, na watu wazima wengi wanaona heri yasifike. Hoja yao husikika kwenye mikutano ya wazazi, nje ya makanisa, ndani ya matatu, hata vinywani mwa walimu: kambi za kuigiza na kucheza ngoma ni starehe ya watoto wa mabwanyenye. Mtoto wa Ukambani, ambaye karo yake inatoka kwa mbuzi na maembe, anahitaji tuisheni. Akitaka kuimba, tamasha la shule lipo. Na isitoshe, nani aliwahi kushiba ngoma?

Hoja hiyo imerudiwa mpaka ikaonekana ni busara. Kila kipande chake kina kasoro, na wanaobeba gharama ya kasoro hizo ni watoto ambao hakuna aliyewauliza.

Tuisheni ndiyo nguzo yake kubwa. Kifungu cha 37 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 kinapiga marufuku tuisheni ya likizo. Anayekivunja anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 100,000, kufungwa kwa muda usiozidi mwaka mmoja, au adhabu zote mbili. Bunge halikupitisha kifungu hicho kwa kupenda uvivu. Watoto walikuwa wakifunga shule Ijumaa na kurudishwa darasani wiki iliyofuata, wakaririshwe yaleyale ya muhula uliopita, huku wazazi wakitozwa pesa juu ya karo. Anayesema mtoto wa Kalamba hana muda wa sanaa kwa sababu ya tuisheni anatetea, pengine bila kukusudia, jambo ambalo sheria ya nchi ilishalikataa.

Wapo wanaokubali hilo, kisha wanasema basi akae nyumbani. Kusaidia kazi za nyumbani ni malezi, na hakuna anayelipinga hilo. Ila likizo tupu si ngome. Mwaka 2020, shule zilipofungwa kwa sababu ya korona, vyombo vya habari viliripoti kwamba karibu wasichana 4,000 wenye umri wa hadi miaka 19 walipatikana na mimba katika Kaunti jirani ya Machakos katika miezi mitano ya kwanza ya mwaka. Takwimu hizo zilizua ubishi, kwa kuwa ziliwajumuisha hata waliotimiza miaka 18, na baadhi ya mimba zilitungwa kabla shule hazijafungwa. Kambi ya sanaa isijigambe kwamba ingezizuia. Lakini ubishi wenyewe uliwaonyesha watu wa Ukambani kwamba "yuko nyumbani" haina maana kwamba yuko salama, wala kwamba yuko na mtu mzima anayemsikiliza.

Hoja ya tamasha ina uzito zaidi, na inastahili kujibiwa kwa urefu.

Kenya ina mapokeo ya kujivunia. Tamasha la Muziki lilianza 1927, la drama 1959, na nchi chache barani zinaweza kuonyesha utaratibu wa namna hiyo, ambapo mtoto wa shule ya kijijini anaweza kupanda ngazi kutoka kwenye eneo lake hadi jukwaa la taifa. Waigizaji, watangazaji na wanasiasa wengi wa Kenya walianzia huko. Kuyabeza matamasha hayo ni kukosa shukrani.

Hata hivyo tamasha ni mashindano, na mashindano yana hesabu yake. Tuseme shule ina watoto mia tano. Wachezaji wa ngoma watakuwa thelathini hivi, kwaya labda arobaini, mchezo wa kuigiza ishirini, na mara nyingi ni walewale. Waliobaki wanapiga makofi. Mwalimu anayesaka kombe hamchukui mtoto mwenye kigugumizi, wala yule anayejificha nyuma ya wenzake, wala asiyeshika mdundo. Anamchukua aliyekwisha kujua. Kwa hivyo wanaohitaji jukwaa kuliko wote ndio wanaoachwa mapema kuliko wote. Kisha kila ngazi inawapunguza waliobaki, na shule nyingi za mashambani zinaambulia patupu kwenye ngazi za kwanza, mazoezi ya miezi yakiishia kwenye dakika chache mbele ya waamuzi. Hapo panahesabiwa kwamba watoto wa eneo zima wamepata elimu ya sanaa.

Kuna jambo la pili. Maneno yanayosemwa na watoto jukwaani mara nyingi hayakutungwa na watoto. Shule zenye uwezo hukodi watunzi na wakufunzi. Aprili 2025, wasichana wa shule ya Butere walipofika Nakuru kwenye tamasha la drama la taifa na mchezo *Echoes of War*, ulioandikwa na aliyekuwa seneta wa Kakamega Cleophas Malala, ilibidi mahakama iingilie kati ndipo waruhusiwe kupanda jukwaani. Polisi walifyatua vitoa machozi, na wasichana wakaimba wimbo wa taifa, wakaondoka bila kuigiza. Mwaka 2013 shule hiyohiyo ilikuwa imepitia mkasa kama huo na mchezo *Shackles of Doom*, nao ukaokolewa na mahakama. Wasichana hao walionyesha ujasiri ambao watu wazima wengi hawana, na serikali iliyowatisha ndiyo iliyopaswa kuona haya. Ila mikasa yote miwili inaonyesha jinsi tamasha lilivyogeuka uwanja wa watu wazima: wanaoandika, wanaopiga marufuku, wanaokwenda mahakamani, wanaogawa vikombe. Mtoto anahitaji pia mahali ambapo anaweza kutunga kitu kibaya, akakirekebisha, akakirudia, bila mwamuzi wala waziri.

Ukambani palikuwa na mahali kama hapo.

Gerhard Lindblom, msomi wa Uswidi aliyekaa na Wakamba katika miaka ya 1911 na 1912, alichapisha 1920 kitabu kikubwa juu yao, na ngoma na nyimbo hazikukosa nafasi humo. Zaidi ya nusu karne baadaye Paul Kavyu, aliyejua muziki huo kwa masikio ya mwenyeji, aliandika kitabu chake cha utangulizi wa muziki wa Kikamba, kilichotoka 1977. Anayewasoma wawili hao anakutana na jamii ambayo ngoma za vijana zilikuwa na mpangilio wake: rika fulani na ngoma yake, wakati fulani na ngoma yake, na katikati yake *ngui*, mtunzi na kiongozi wa wimbo. Ngui hakuwa mtumbuizaji tu. Aliweza kumsema mtu mzima mchoyo hadharani, kumsifu aliyestahili, kutangaza habari, na wote wakaitikia. Kijana aliyetaka kuwa ngui alijifunza kutunga papo hapo, kupima hadhira, kujua neno gani litachekesha na lipi litaleta ugomvi. Shule za sekondari leo zinaita hiyo stadi ya mawasiliano na kuipangia vipindi.

Mtu akitazama ngoma ya Kikamba ikichezwa vizuri ataona elimu yenyewe ikitendeka. Mpigaji ameibana ngoma ndefu katikati ya mapaja, ameinama kidogo, anapiga kwa viganja. Kiongozi ana filimbi mdomoni. Mabega ya wasichana yanatetemeka kwa kasi ambayo jicho halifuati, na wavulana wanasubiri. Filimbi inalia mara moja, mstari mzima unageuka. Inalia tena, kijana anarushwa juu au anajirusha mwenyewe, na mwenzake lazima awe pale anapotua. Mtoto anayejifunza hatua hiyo hawezi kudanganya. Asiposikiliza, mstari unavurugika mbele ya kila mtu. Asipomwamini mwenzake, haruki. Mwenzake asipokuwa makini, mtu anaumia. Hapo pana nidhamu ambayo kiboko hakijawahi kuifundisha.

Mpangilio huo haukufa wenyewe. Nzaui ndipo Africa Inland Mission ilipofungua kituo chake cha kwanza, Desemba 1895, chini ya Peter Cameron Scott, aliyefariki mwaka uliofuata. Misheni hiyo ilileta shule na hospitali, na watu wa Makueni wana haki ya kuikumbuka kwa hayo. Ilileta pia msimamo kwamba muumini hachezi ngoma, na kizazi baada ya kizazi wazazi waliosoma waliona haya watoto wao kuonekana kwenye duara la ngoma. Shule ikachukua siku za mtoto, kanisa likachukua jioni zake, na zilipokuja kumrudishia ngoma, zilimrudishia kama mashindano.

Mzazi wa kanisa anayesita leo asidharauliwe. *Kilumi*, inayochezwa hasa na kina mama watu wazima, imefungamana na pepo na maombi ya mvua, na mzazi asiyetaka mwanawe aisogelee ana haki hiyo. Lakini si kila ngoma ni kilumi. *Mbeni* ilikuwa ya vijana kujifurahisha. Na kwaya ya kanisa anayoimbia mzazi huyohuyo, yenye sauti nne, sare, hatua za kupanga na mazoezi ya Jumamosi, ni shule ya sanaa za maonyesho. Amekwisha kukubali jambo lenyewe; limebaki suala la nani afundishe nini.

Vipi juu ya faida? Watetezi wa sanaa hupenda kukimbilia hesabu: mpe mtoto muziki, atapasi hisabati. Afadhali waiache. Mwaka 2004 Glenn Schellenberg alichapisha utafiti wa watoto 144 wa miaka 6 katika eneo la Toronto, waliogawanywa kwa kura katika makundi manne: kinanda, uimbaji, uigizaji, na wasiopewa lolote. Waliosoma muziki walipanda pointi chache zaidi katika kipimo cha akili, na dunia nzima ikalipigia tarumbeta hilo. Chambuzi zilizofuata, zilizokusanya tafiti nyingi, zilikuta kwamba majaribio yakifanywa kwa uangalifu zaidi faida hiyo inakaribia kuyeyuka. Matokeo mengine ya Schellenberg hayakupigiwa tarumbeta: watoto wa uigizaji walikuwa wameboreka katika kuishi na wenzao.

Houston, Marekani, jambo hilo lilipimwa kwa upana zaidi. Shule 42 ziliingia kwenye kura, nusu zikaongezewa sanaa kwa kushirikiana na wasanii wa mjini, na wanafunzi zaidi ya 10,000 wakafuatiliwa. Ripoti ya Daniel Bowen na Brian Kisida ya 2019 ilikuta makosa ya nidhamu yamepungua kwa pointi 3.6 za asilimia, alama za uandishi zimepanda, na watoto wamezidi kuwajali wenzao. Hayo ndiyo ambayo mzazi wa Kalamba analalamika kila siku kwamba yamepotea: adabu, kujieleza, kuhurumiana. Anayatafuta kwenye tuisheni, ambako hayapo.

Sasa lile swali la nani aliwahi kushiba ngoma. Ajabu ni kwamba linaulizwa Ukambani, mahali palipolishwa na sanaa kuliko sehemu nyingi za Kenya. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Mutisya Munge alirudi Wamunyu akiwa amejifunza uchongaji kwa watu wa Tanganyika, na kutoka kwake ukatokea ufundi ambao uliwasomesha watoto wa maelfu ya nyumba na kuwafikisha wachongaji wa Kikamba Mombasa, Nairobi na ng'ambo. Hakuna mtaala uliokuwa na somo hilo. Kwenye muziki, Kakai Kilonzo, aliyefariki 1987, aliifikisha benga ya Kikamba kwa watu wasiojua neno moja la Kikamba, na nyimbo za Kalambya Sisters zikachezwa mbali na nyumbani. Leo Jumamosi yoyote katika miji ya Ukambani ina bendi, fundi wa mitambo, mpiga picha, mshereheshaji na mshona sare, wote wakila kwa jasho la wimbo.

Hata hivyo kambi isiuzwe kwa ahadi ya ajira. Watoto wengi watakaopita humo hawatakuwa wanamuziki, kama ambavyo wengi wanaosoma kemia hawatakuwa wakemia, na hakuna anayedai kemia ifutwe. Jambo zito zaidi ni kwamba serikali yenyewe imeshaweka mlango. Mtaala wa umilisi una mikondo mitatu katika sekondari pevu, mmojawapo ukiwa wa sanaa na sayansi ya michezo, na wanafunzi wa kwanza wa gredi ya 10 waliingia Januari 2026. Mtoto wa gredi ya 9 anaulizwa anataka mkondo upi. Katika sekondari msingi, masomo yalipopunguzwa kutoka 14 hadi 9 baada ya ripoti ya jopo la elimu la Raphael Munavu ya 2023, muziki, maigizo, uchoraji na michezo vilibanwa ndani ya somo moja, linalofundishwa mara nyingi na mwalimu aliyesomea kitu kingine. Mtoto wa Nairobi aliyepitia kambi tatu anajua anachokichagua. Wa Kalamba anaulizwa kuchagua chakula ambacho hajawahi kukionja. Kumwambia kwamba kambi si ya watu kama yeye ni kumfungia mkondo huo kabla hajaufikia.

Linabaki suala la pesa, ambalo ndilo wengi husema wakiishiwa na mengine. Ghetto Classics, mradi wa kuwafundisha watoto muziki, ulianza 2008 katika mtaa wa Korogocho, Nairobi, kwenye uwanja wa kanisa la Mtakatifu Yohana, pua kwa pua na jaa la Dandora. Hapo si Karen wala Lavington. Watoto wanapiga fidla na tarumbeta, na baadhi ya waliofundishwa wamekuwa wakufunzi. Tanzania ilifungua Chuo cha Sanaa Bagamoyo 1981, ambacho sasa ni TaSUBa, na haikusubiri kutajirika kwanza. Makerere ilianzisha jumba la maonyesho linalosafiri 1965, Nairobi ikafuata 1974: wanafunzi walitumia likizo zao kupeleka michezo vijijini na kuicheza uwanjani. Hata kambi maarufu ya Interlochen, Michigan, ilianzishwa 1928 na mwalimu wa muziki wa shule za umma, Joseph Maddy, kwa ajili ya wanafunzi wa shule za umma. Ubwanyenye uliingia baadaye, pale wenye pesa walipoona kitu kizuri na wasio nacho wakaambiwa hakiwafai.

Kalamba ina nini? Ina madarasa ambayo Agosti hukaa wiki tatu yamefungwa. Ina wazee na kina nyanya wanaojua nyimbo ambazo hazimo katika kitabu chochote, na ambao hawajawahi kulipwa hata shilingi kwa ujuzi huo. Ina walimu vijana wasio na ajira, wengine wakiwa walicheza kwenye matamasha wakiwa wanafunzi. Na Agosti ndiyo likizo yenyewe. Mvua zinazotegemewa Ukambani ni za Oktoba hadi Desemba, kwa hivyo likizo ndefu ya mwisho wa mwaka ni ya kupanda na kupalilia, na mzazi hawezi kuachilia mikono. Agosti kumekauka, kuna mbaazi za kuchuma na kupura, kazi ya asubuhi. Kambi ya kuanzia saa tano hadi saa kumi jioni, watoto wakirudi makwao kulala, inaondoa gharama ya mabweni na inaondoa pia hofu ya wazazi juu ya usalama wa wasichana usiku, ambayo ni hofu ya haki.

Gharama halisi ni tatu: uji na githeri ya mchana, posho ya wakufunzi na wazee, na ngoma zenyewe. Watoto wasilipe. Wasichujwe pia; aliyekuja ameingia. Siku za kwanza wajifunze kwa wazee, kisha watunge vya kwao, kwa Kikamba, Kiswahili au Kiingereza, juu ya maji, juu ya bodaboda, juu ya chochote kinachowakera. Siku ya mwisho waonyeshe sokoni siku ya gulio, bila waamuzi na bila kombe.

Kaunti haiwezi kusema jambo hili ni la wizara. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linazipa serikali za kaunti shughuli za utamaduni, burudani za umma, maktaba na makavazi. Makueni haijawahi kuwa kaunti ya kusubiri wengine. Ilianzisha matibabu kwa wote kabla ya nchi kufanya hivyo, kwa ada ya shilingi 500 kwa nyumba kwa mwaka. Ilipoona maembe ya wakulima yakiozea shambani au kununuliwa na madalali kwa bei ya kutupa, ilijenga kiwanda cha kuyasindika, tena palepale Kalamba, kikaanza kazi 2017. Hakuna aliyesema viwanda ni vya watu wa Nairobi.

Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma inataka mpango wa maendeleo wa mwaka wa kaunti uwasilishwe katika bunge la kaunti kufikia Septemba mosi, waraka wa mkakati wa fedha kufikia Februari 28, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Kila hatua ina ushirikishaji wa umma, na Makueni imejenga jina kwa mikutano hiyo, kuanzia vijijini hadi wadi. Mikutano ya wadi ya Nzaui/Kilili/Kalamba husikiliza maombi ya mabwawa, barabara na zahanati, na ni sawa. Ombi la kambi ya Agosti, lenye idadi ya watoto, majina ya wazee walio tayari kufundisha na gharama ya chakula cha wiki mbili, halina sababu ya kukosa kwenye orodha hiyo, na kina mama wa kwaya, ambao wameongoza mazoezi maisha yao yote, wanaweza kuliandika kwa mchana mmoja.